Karani Aliyeamka: Ustadi wa Bwana Takashi Shimura

Katika mwaka 1952 ilitolewa nchini Japani sinema iitwayo Ikiru, maana yake "Kuishi", iliyoongozwa na Bwana Akira Kurosawa. Mchezaji wake mkuu, Bwana Takashi Shimura, alikuwa na umri wa miaka 47, lakini aliigiza mzee Watanabe, mkuu wa idara katika afisi ya mji, ambaye kwa karibu miaka 30 kazi yake ilikuwa kupiga mihuri tu.

Wanawake wa mtaa mmoja waliomba shimo la maji machafu lifukiwe, watoto wapate uwanja wa kuchezea. Wakatumwa afisi hii na ile, mpaka wakarudi pale pale walipoanza. Kisha mzee akatambua kwamba ana kansa ya tumbo.

Hapo ndipo ustadi wa Shimura ulipodhihirika. Hakupiga makelele. Aliinamisha mgongo, akasema kwa sauti ya chini, na macho yakasema yaliyobaki. Akaliinua lile ombi lililolala, akaingia kila afisi, akawainamia wakubwa na wadogo, akangoja. Hata wahuni waliomtisha hawakumrudisha nyuma.

Uwanja ukajengwa. Mzee akafa humo usiku wa theluji, baada ya kukaa juu ya bembea akiimba polepole. Wenziwe wakalia matangani, wakaapa kumfuata; waliporudi afisini, mihuri ikaendelea kama kwanza.

Shimura alifariki mwaka 1982. Karani aitazamaye sinema hiyo ni vyema aitazame na meza yake: pengine iko barua ya mtu iliyolala hapo.