Jani Ndani ya Karatasi

Msamvu, pale njia itokayo Dar es Salaam inapogawanyika, moja ikashika Dodoma na nyingine Iringa, wasafiri aghalabu hula kwa haraka. Walakini katika ua mmoja nyuma ya stendi nilimkuta mama akipika bila pupa, na jambo alilolitenda limekataa kunitoka moyoni: kabla ya kumfunga samaki katika karatasi ya foili, alitandika kwanza jani la mgomba.

Samaki mwenyewe alikuwa perege wa Bwawa la Mindu, lile la Mto Ngerengere linalounywesha mji wa Morogoro. Alikwisha kuparwa magamba, akachanjwa mbavuni, akapakwa chumvi, kitunguu saumu, pilipili manga iliyoshuka kutoka Uluguru, na maji ya ndimu tele. Jani lilibabuliwa juu ya makaa, likipitishwa polepole hata kijani chake kikakoza na kung'aa, ukaidi ukalitoka, likakunjika bila kupasuka. Mama alimviringisha perege ndani yake, kisha akaikunja karatasi juu, ukingo kwa ukingo, mara mbili, akiubakishia mvuke nafasi. Furushi likaingia katika sufuria yenye mchanga wa moto, makaa chini na makaa juu ya mfuniko.

"Mama, jani la nini, ilhali karatasi ipo?"

"Ndimu inaila hii karatasi, mwanangu. Tazama." Akanionyesha kipande alichokuwa amepikia bila jani: kimeingia madoa ya kijivu, na kilipoelekezwa juani kikaonekana vitundu kana kwamba kimedungwa sindano. "Sasa niambie, kilicholiwa hapa kimekwenda wapi? Kimo katika samaki. Mimi sikuyasoma, nimeyaona."

Maarifa yake hayapingani na ya wataalamu. Aluminiamu ya karatasi hiyo hulindwa na utando mwembamba ambao asidi, kama ya ndimu, huuyeyusha, na chumvi huongeza madhara. Mwaka 2011 kamati ya pamoja ya FAO na WHO iliweka kadiri ya juu ya aluminiamu, miligramu 2 kwa juma kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Samaki mmoja hamfikishi mtu huko. Illa figo ndizo ziitoazo aluminiamu mwilini, na mwenye figo dhaifu ana haki ya kuhadhari zaidi. Ama upande wa karatasi unaong'aa na ule uliofifia, ambazo majirani humwuliza mama huyu daima, hazina tofauti jikoni: mng'ao usiolingana hutokana tu na karatasi mbili kupitishwa pamoja kiwandani katika mbano wa mwisho.

Mbona basi asitumie jani peke yake, kama mamaye alivyofanya? "Nikigeuza linapasuka, mchuzi unaishia motoni. Jani liizuie ndimu, karatasi izuie mvuke." Nikamwuliza kama jani linazuia kabisa. "Linapunguza," akasema. "Sikukuambia linamaliza."

Furushi lilipofunguliwa, nyama iliachana na miiba kwa kuguswa tu. Majani yaliyotumika aliyatupa shinani mwa mgomba, karatasi akaitupa shimoni. Itakaa humo miaka mingapi? Hilo hakunijibu.

Nawasihi wapishi wa nyumbani: babueni jani, mlitandike. Na asiyelipata, basi perege wake aive bila ndimu, amkamulie akiwa sahanini.