Kalamu ya Mpingo na Kazi ya Msasa

Mtu akinunua kalamu ya mpingo pale Mwenge, Dar es Salaam, huipima kwa macho. Ni nyeusi, inang'aa, basi hulipa. Juma hili naomba tuipime kwa kidole, kwani kazi kubwa ya kalamu ya mti huanza patasi ikishawekwa chini.

Kijiti kilichotobolewa na kutiwa bomba la shaba hufungwa kwenye kerezo, kikachongwa huku kinazunguka. Kisha huja msasa. (Jina hilo ni la mti wenye majani ya kukwaruza, ambayo wazee walisugulia vyombo kabla ya karatasi za dukani.) Fundi huanza na namba ndogo yenye chembe kubwa, tuseme 150, akapanda hadi 220, 320, 400 na 600. Kila namba hufuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Anayeruka kutoka 150 hadi 400 ili aokoe dakika chache, huing'arisha mikwaruzo badala ya kuiondoa.

Kerezo likizunguka, msasa huacha alama za mviringo zinazokata nyuzi za mti. Kwa hiyo kabla ya kubadili namba, fundi husimamisha mashine, akasugua kwa mkono kufuata nyuzi, akapangusa vumbi. Hapa ndipo wengi hukwepa. Wengine hukandamiza msasa kwa nguvu. Joto hupanda, na mpingo hupata nyufa.

Mpingo una mafuta yake wenyewe, ndiyo maana vanishi ya mafuta huchelewa kukauka juu yake. Nta kidogo yaweza kutosha, nayo husuguliwa kwa karatasi laini, si kitambaa: kitambaa kikinaswa na mashine huondoka na kidole.

Wajanja hawapiti njia hiyo ndefu. Hupaka mti mweupe rangi ya viatu. Ifute kalamu kwa leso nyeupe yenye maji. Leso ikitoka nyeusi, uwe na mashaka.

Sasa tumtazame fundi. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kuingia kifuani, na wako wanaolivuta siku nzima bila hata kitambaa puani. Sisi nasi twafika na kuomba tupunguziwe bei hadi nusu. Kwa nusu hiyo atanunua msasa wa namba ngapi, na kinga ya pua ainunue kwa fedha gani?