Regula: ubao wa fundi ulioingia mahakamani

Rula anayopigia mstari mwanafunzi ina nasaba ndefu. Warumi waliiita regula, ubao mnyoofu wa seremala na mwashi. Vitruvius, msanifu majengo wa karne ya 1 kabla ya Kristo, aliagiza lipu inyooshwe kwa regula na kamba, kimo kwa timazi na kona kwa skwea.

Wanasheria wa Roma waliliazima jina hilo kwa kauli fupi zinazobeba msingi wa sheria. Mwaka 533 Mfalme Justinian alitangaza Digesta, mkusanyo wa maandishi yao, na sura ya mwisho ya kitabu cha 50 ikawa ya kanuni hizo, vipande 211. Cha kwanza ni cha Paulus, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote: sheria haichotwi kwenye kanuni, bali kanuni hutokana na sheria iliyopo, na kanuni ikipwaya mahali inapoteza kazi yake.

Tazama kipande cha 54, cha Ulpian: hakuna awezaye kumhamishia mwenzake haki kubwa kuliko aliyo nayo mwenyewe. Ndiyo ile nemo dat inayotajwa na mawakili wa Nairobi na Dar es Salaam. Aliyekuuzia kiwanja kisicho chake hakukupa kitu, hata kama umelipa na risiti unayo. Lakini sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania zinaweka pembeni mazingira ambamo kanuni hiyo haikati. Mwenye mali akimkabidhi wakala wa biashara bidhaa zake, kisha wakala akaziuza kama kawaida ya kazi yake, mnunuzi mwenye nia njema anaweza kulindwa ingawa wakala alivuka ruhusa. Paulus asingeshangaa.

Kwa Wakristo, regula iligeuka kuwa mwenendo wa maisha. Katika karne ya 6, huko Monte Cassino, Benedikto aliwaandikia watawa wake Regula yenye sura 73. Inashuka hadi mezani: ratili moja ya mkate kwa siku, na kipimo kidogo cha divai. Kuhusu divai anakiri kwamba anasita kumpimia mtu mwingine, kisha anamwachia mkuu wa nyumba aongeze kazi ikiwa nzito au joto likizidi. Wabenediktini wa Peramiho, abasia iliyoanza kama misheni mwaka 1898, wanaishi kwa Regula hiyohiyo.

Kwenye hesabu, wafanyabiashara wa Ulaya walikariri regula de tribus, kanuni ya namba tatu. Brahmagupta wa India alikwisha kuiandika mwaka 628. Wataalamu wa ulimwengu wa Kiarabu waliifahamu, na mwaka 1202 Fibonacci alijaza kitabu chake hesabu za biashara za namna hiyo. Kilo 3 za mchele ni shilingi 9,600. Kilo 5 je? Zidisha 9,600 kwa 5, gawanya kwa 3: shilingi 16,000. Huko Ulaya waliithamini hata wakaiita kanuni ya dhahabu.

Sasa ijaribu kwa mafundi. Wanne wanajenga ukuta kwa siku 6. Wanane watatumia siku ngapi? Ukizidisha 6 kwa 8 na kugawanya kwa 4 unapata 12, jambo lisilowezekana, kwa kuwa mikono imeongezeka. Jibu ni siku 3. Ndiyo maana vitabu vya zamani viliweka pia kanuni ya kinyume, na mwanafunzi alipaswa kuitambua hesabu yake kabla ya kuanza kuzidisha. Aliyekariri bila kuelewa alikokotoa vizuri na bado akakosa.

Kwa hiyo ukisikia kanuni ya Kilatini ikitajwa kwenye shauri lako, usiridhike na mlio wake. Muulize wakili inasimama juu ya kifungu gani cha sheria, na mahakama imeitumia katika kesi ipi inayofanana na yako.