Maji ya Lamu ni mchanga wa Shela

Kila mifereji ya Lamu inapokauka, rai huwa ile ile: tuletewe pampu kubwa zaidi. Ndugu zangu, tuangalie kwanza maji yenyewe yanatoka wapi.

Kisiwa hakina mto. Maji ya mji hutoka kwenye visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga. Mvua ikinyesha, mchanga huyanywa maji, huyachuja na kuyashusha polepole. Huko chini hukuta maji ya bahari yaliyopenya ardhini, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi, hukaa juu yake kama samli juu ya mchuzi. Kwa hesabu ya wataalamu, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na kama mita 40 chini yake. Ukiishusha ile ya juu kwa nusu mita tu, chumvi hupanda kiasi cha mita 20. Pampu kubwa huvuta mahali pamoja kwa nguvu, na kisima kikishaingia chumvi, kurudi kwake ni kazi ya miaka.

Afadhali visima vingi vinavyovutwa kidogo kidogo, mabomba yasiyovuja, na mabirika ya maji ya mvua kama ya wazee wetu. Pampu ina utepe wa kukata, mchanga hauna! Lakini anayechimba choo juu ya vilima vile, au kuchota mchanga wa kujengea, anatoboa tangi la mji mzima.

Kabla ya kununua pampu yoyote, kaunti iweke alama za mipaka ya vilima, ipime chumvi ya kila kisima kila mwezi, na ibandike matokeo pale Mkunguni.