Taja Bei, Kisha Nyamaza

Wewe unayeuza ushauri, iwe ni wa biashara, kilimo au ushuru, unalijua lile swali: "Sasa hii ni pesa ngapi?" Sauti inapungua, macho yanaangalia viatu, unajibu, "Ah, nipe tu chochote."

Nimejibu hivyo mwaka mzima hapa Mai Mahiu. Niliacha chuo nikaanza kuwasaidia wenye hoteli, wauza spea na madereva wa matrela kujaza ritani za KRA na kupanga hesabu zao. Sina cheti, kwa hivyo kila nikitaja bei nilijiona kama tapeli.

Ubaya ni kwamba ukijidharau, unaogopa pia kusema hujui. Mama mmoja wa hoteli aliniuliza kama ritani ya Juni 30 inamtosha. Sikuwa na uhakika, lakini mshauri atakwamaje mbele ya mteja? Nikamwambia, "Inatosha, mama." Kumbe alikuwa amesajiliwa kwa ule ushuru wa asilimia 3 ya mauzo, ambao ritani yake huingia kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Tuligundua alipohitaji cheti cha KRA ili aombe tenda ya chakula. Faini zilikuwa zimerundikana, na tenda ikampita.

Nilimkuta akikanda unga wa chapati. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, si ungesema hujui?" Heri angenipigia kelele, bana. Nusu ya faini niliilipa mimi, polepole.

Siku hizi nikikwama nasema, "Nipe hadi kesho," kisha naulizia KRA kwenyewe. Hakuna mteja aliyenikimbia kwa hilo. Na bei naitaja kabla ya kugusa kazi, halafu nanyamaza. Hiyo kunyamaza ndiyo ngumu! Nilifanya mazoezi mbele ya kioo, usinicheke. Mteja akisema ni ghali, usikimbilie kushusha bei. Muulize ni sehemu gani ya kazi tuiondoe. Wengi hukumbuka ghafla kwamba wanaitaka yote.

Yule mama bado ni mteja wangu. Juzi aliniuliza kuhusu leseni ya kaunti. Sikuwa na jibu, nikamwambia hivyo. Kesho yake nilimpelekea, pamoja na bei: mia tano. Alitaka nipunguze hadi mia tatu. Nikanyamaza. Akalipa, na chai nikainunua mwenyewe.