Mgomba unaonekana mzima, labo inasema ni mgonjwa: tumwamini nani?



Msimu huu nilikuwa katika koperative moja ya uwanda wa Ruzizi, nikikata kipande cha jani kwenye mgomba wa mama mmoja. Akanishika mkono. "Agronome, hii mugomba iko muzima. Ona majani yake! Juu ya nini munaikata?" Ni kweli, ulikuwa mgomba wa kupendeza, majani mapana, hakuna alama. Karatasi ya labo iliporudi, mbele ya namba ya mgomba ule waliandika: pozitifu. Mama hakukubali, na majirani wengi wakamuunga mkono. Watu wa labo hawajafika hata siku moja shambani, wanajuaje?

Swali hilo lina haki ya kupata jibu.

Ugonjwa tuliokuwa tunautafuta ni bunchi-topu. Walio Kamanyola na huko chini kuelekea Uvira wanaujua kwa macho: mgomba umedumaa, majani ni membamba, yamesimama na kusongamana juu kama fagio, kingo zake za njano. Ukiinua jani mbele ya jua, kwenye mshipa wa katikati unaona vistari vifupi vifupi vya kijani kilichoiva. Mgomba ulioshikwa ungali mdogo hautoi mkungu. Dawa hakuna. Hapa Congo ugonjwa huu ulionekana Yangambi tangu miaka ya 1950, na upande wa Burundi wa Ruzizi unajulikana tangu miaka ya 1980.

Unasafiri kwa njia mbili. Kuna vidukari weusi wanaojificha chini ya maganda ya shina, na kuna sisi wenyewe. Kidukari anatoka mgomba huu kwenda ule. Lakini chipukizi tunalompa shemeji au tunalouza sokoni linapanda pikipiki na kamio, linafika mbali kuliko kidukari yeyote. Na kati ya siku virusi vinapoingia na siku fagio linapoonekana zinapita wiki kadhaa. Katika wiki hizo mgomba unamdanganya kila mtu, mimi pia.

Sasa labo inaona nini ambacho sisi hatuoni? Virusi ni vidogo mno, hata darubini ya kawaida haivioni. Ila virusi hivi vimevaa koti, na koti hilo limeshonwa kwa protini ya aina yake, ambayo mgomba wenyewe hauna. Labo haitafuti ugonjwa, inatafuta koti.

Anayelitambua koti ni kingamwili. Hizo tuko nazo wote katika damu: kitu kigeni kikiingia mwilini, mwili unatengeneza kingamwili za kukishika, na chanjo za watoto wetu zinafanya kazi kwa njia hiyo. Ukimdunga sungura au panya virusi vya mgomba vilivyosafishwa, hataugua bunchi-topu, yeye si mgomba. Lakini damu yake itatoa kingamwili zinazoshika koti lile. Zinachukuliwa, zinasafishwa, zinawekwa kwenye friji.

Kipimo chenyewe kinaitwa Elisa. Kilianza mwaka 1971 kule Stockholm, Uswidi, kwa kazi ya Eva Engvall na Peter Perlmann. Watafiti wa Uholanzi nao walikifikia wakati uleule. Mwaka 1977 Clark na Adams wakaonyesha kwamba kinafaa kwa virusi vya mimea. Nilipokuwa mwanafunzi nilikichora ubaoni mara nyingi kabla ya kukiona kwa macho, na siku nilipokiona nilishangaa jinsi kilivyo cha kawaida: sahani ya plastiki, kubwa kama kiganja, yenye vishimo 96. Chini ya kila kishimo wanagandisha kingamwili. Jani lako linapondwa, maji yake yanamiminwa katika kishimo kimoja. Kama koti limo, linanaswa. Kisha wanaosha. Kazi yote iko katika huko kuosha: kisichonaswa kinakwenda na maji. Baadaye wanatia kingamwili nyingine zilizofungiwa kimeng'enya, nazo zinashika koti lilelile kwa juu. Wanaosha tena. Mwisho wanatia maji ya dawa yasiyo na rangi. Palipo na kimeng'enya, maji yanageuka njano. Pasipo na koti, kingamwili za pili zilishaondoka na maji, basi hakuna cha kuyageuza.

Muliokwenda kituo cha afya na homa mumeshaona ndugu yake. Kile kipimo cha haraka cha malaria, tone la damu na mistari miwili, nacho kina kingamwili ndani ya kijikaratasi chake, zinanasa protini ya mdudu wa malaria. Ndiyo maana mtu aliyekunywa dawa akapona anaweza kuonyesha mistari miwili wiki kadhaa baadaye: mdudu amekufa, protini yake bado inazunguka.

Kumbe kipimo nacho kina mipaka, na si vizuri agronome kuificha. Hata maji ya jani zima yanaweza kuleta unjano kidogo, kwa hiyo kila sahani inawekwa jani lililo zima kwa hakika na jingine linalojulikana kuwa gonjwa, halafu mashine inalinganisha. Mgomba ulioshikwa juzi unaweza kuwa na virusi vichache mno, ukaandikwa negatifu. Na kingamwili za bunchi-topu hazijui koti jingine. Karatasi ya negatifu haisemi lolote juu ya mnyauko wa bakteria, ule unaooza ndizi ndani na kutoa usaha wa njano ukikata shina.

Nitasema na kosa langu. Zamani kidogo, kabla hatujaanza kupima, nilichagua migomba mama kwa macho tu, tukagawia familia za koperative moja machipukizi yake. Kabla mwaka haujaisha, mafagio yalianza kutokea. Watu waling'oa, pamoja na maharage waliyopanda chini yake. Papa mmoja hakunisema vibaya, alinikaribisha chai, na chai ile ilinishinda kumeza.

Kwa hiyo mgomba mama unapimwa kabla ya kugawa chochote, na ukiwa negatifu tunaurudia baada ya miezi michache. Jani la kupeleka ni lile changa la juu lililokwisha kufunguka. Kata kipande chenye mshipa wa katikati. Kila mgomba na bahasha yake, namba yake, jina la mwenye shamba. Funga kwa gazeti, usiache ndani ya mfuko wa plastiki juani, maana jani lililooza halina faida labo. Kisu kipitishwe motoni au kwenye maji ya javeli kutoka mgomba hadi mgomba. Bunchi-topu haiambukizi kwa kisu, lakini mnyauko unaambukiza sana.

Ukipata pozitifu, usikimbilie panga. Ukiangusha mgomba wenye vidukari, watahamia wa jirani. Kwanza waue kwa maji ya sabuni, fungua na maganda ya shina yawafikie. Ndipo ung'oe tunguu lote na machipukizi yote, hata yanayoonekana mazima, ulikate vipande vidogo, urudi kila wiki mbili kuangalia kama kuna linaloota.

Yule mama aliacha mgomba wake, na hakuna aliyemlazimisha. Tulikubaliana jambo moja tu: asigawe chipukizi lake mpaka nirudi. Niliporudi alinipeleka mwenyewe hadi pale, akainua jani jipya mbele ya jua. Vistari vilikuwepo. Akauliza ndoo ya sabuni iko wapi.