Rasimu ya Kwanza Kando ya Mto Humber

Insha nyingi za wanafunzi wetu hufia mstari wa tatu. Mtoto anaanza vizuri: "Nilikwenda mtoni na mama. Kulikuwa na baridi. Nikaona..." Hapo neno linakosekana, kalamu inasimama, daftari linafungwa. Habari anayo, neno moja tu ndilo hana. Na akikwama hivyo mara kadhaa huanza kuamini kwamba Kiswahili ni cha mambo ya kwa bibi, na ya Toronto yasemwe kwa Kiingereza.

Rasimu ya kwanza ni andiko ambalo bado halijasahihishwa. Kazi yake ni kufika mwisho, basi. Neno likikosekana, acha nafasi au chora mnyama mwenyewe, kisha endelea. Tahajia na ngeli zitasubiri rasimu ya pili. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972, na aliyaandika kwenye karatasi za chooni. Kitabu kilitoka 1973. Hakungoja daftari zuri.

Cha kuandika kiko karibu. Ukitoka hapa Kingsview Village kuelekea mashariki, upande wa Weston, unaukuta Mto Humber, na ukingoni mwake Raymore Park. Pale pamewahi kuwa na nyumba za watu. Usiku wa tarehe 15 Oktoba 1954 kimbunga Hazel kiliufurisha mto, ukasomba nyumba za Raymore Drive, na watu 35 wa mtaa huo wakafa. Baada ya msiba huo ujenzi ulizuiwa kwenye mabonde ya mito, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ikafanywa bustani za umma. Ndiyo maana leo, si mbali na maghorofa ya Dixon Road, watoto wetu wana miti, ndege na maji yanayotiririka.

Nendeni mwezi wa tisa au wa kumi. Wakati huo samoni wakubwa hupanda mto kutoka Ziwa Ontario kwenda kutaga mayai. Palipo na ukuta wa kuzuia maji, kama kule Old Mill kusini zaidi, utawaona wakiruka. (Mvua kubwa ikiwa imenyesha, kaeni mbali na ukingo.) Tulieni dakika kumi bila simu. Sisi wauguzi tumezoeshwa kuandika saa, kisha tulichoona na kusikia, bila kupamba. Watoto nao wafanye hivyo: "Saa nne asubuhi. Samaki ameruka mara tatu. Ameanguka. Anaruka tena." Hapo rasimu imeshaanza. Na saa nne hiyo ni ya Kiswahili, jamani, msije mkaamka usiku!

Maneno mengi ya huku tunayo tayari. Yule mnyama mwenye mkia wa manyoya anayepanda miti kila mahali ni kuchakuro, wengine humwita kindi. Ndege wanaochafua nyasi zote za bustani ni bata bukini, na Bukini ni jina la zamani la Madagaska. Ninalolipenda zaidi ni korongo. Ni ndege mwenye miguu mirefu anayesimama majini akivizia samaki, na pia ni bonde lenye kingo kali, kama Korongo la Olduvai kule Tanzania. Toronto imejaa makorongo, na Humber ina korongo wake. Angalieni tu vuli: kamusi hulitoa kwa majira haya, lakini kwetu vuli ni mvua. Mtoto akiandika "majani yanapukutika", inatosha.

Wazazi, mtoto anapoandika msimsahihishe. Akiuliza neno, mpeni lile mnalotumia nyumbani, liwe la Mombasa, la Bukavu au la Dar es Salaam, bila kubishana mbele yake lipi ndilo sanifu. Ubishi huo tutaufanya sisi wakubwa wakati wa chai.

Rasimu ziletwe Jumamosi zikiwa na nafasi zake na michoro yake, hata kama ni nusu ukurasa, mradi zina mwisho. Nafasi tutazijaza pamoja darasani. Rakuni, yule mwizi wa mapipa ya taka, hana jina la asili la Kiswahili, kwa hiyo kila mtoto aje na jina alilombunia.